Kufuga chatu Kiwengwa: kibali kwanza, banda baadaye

KIWENGWA ina mahoteli upande wa bahari, na bara yake kuna msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe wenye mapango ya mawe ya matumbawe. Mahali kama hapo wazo la biashara halikawii kuja: kumkamata chatu, kumtia bandani na kumtoza mgeni fedha apige naye picha.

Kwa hesabu ya haraka, wazo hilo linavutia. Chatu hana sumu na mlo mmoja humtosha kwa siku nyingi. Lakini akikutwa kwenye banda la kuku, hawi mali ya mwenye banda. Unguja na Pemba zina sheria yao ya misitu na wanyamapori, Sheria Nambari 10 ya mwaka 1996, na kibali hutafutwa kwa mamlaka ya misitu ya Zanzibar.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Wanyamapori si suala la Muungano. Sheria Nambari 5 ya mwaka 2009, na leseni zinazotolewa na TAWA, ni za Tanzania Bara. Karatasi iliyotoka Dar es Salaam haimruhusu mtu kufuga nyoka Kiwengwa. Anayetaka kuvusha mnyama baharini ajue ana serikali mbili za kuzungumza nazo. Isitoshe, chatu yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo hata ngozi yake haiuzwi nje ya nchi bila kibali.

Kwa swila na wenziwe wenye sumu, gharama ni nyingine kabisa. Banda ni sehemu ndogo tu. Kinachoumiza ni dawa ya kuzuia sumu, ambayo hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, huagizwa nje, nayo huisha muda wake hata kama haikutumika. Tena dawa ya nyoka mmoja huenda isimfae aliyeumwa na mwingine. Mwenye nyoka asiye na mpango wa dawa anaweka rehani roho ya mtunzaji, na pengine ya mgeni.

Hata mwenye kibali hana uhakika. Machi 2016 Serikali ya Muungano ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na wafanyabiashara wa Bara wakabaki na wanyama mabandani wakiwalisha bila kuuza. Juni 2022 TAWA ilitangaza miezi sita ya kuwasafirisha waliobaki. Mwezi huohuo Waziri Pindi Chana akasitisha. Amri ya 2016 iliwagusa hata wakulima wa Amani, Tanga, waliokuwa wakiuza vipepeo Ulaya na Marekani, wadudu wasiomdhuru mtu.

Kwa hiyo anayeuliza bei ya wavu wa banda aulize kwanza ofisi ya misitu mambo matatu: mnyama gani anaruhusiwa, kibali kinadumu muda gani, na mnyama atakwenda wapi siku kibali kikifutwa.