Kidonda cha kidevu chaweza kuficha taya lililovunjika

MTU aangukapo kutoka kwa bodaboda na kugonga kidevu, macho ya wote huelekea kwenye damu. Kidonda huoshwa, kikashonwa, na majeruhi akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kumbe mfupa uliovunjika uko mbali na kidonda hicho, mbele ya sikio, palipo na kiungo kinachounganisha taya la chini na fuvu.

Taya hilo limepinda mfano wa upinde. Nguvu ya pigo la kidevuni hupita mfupani hadi kwenye shingo mbili nyembamba zilizo chini ya viungo, kulia na kushoto, na mara nyingi hapo ndipo huvunjika. Waingereza waliliita jeraha la askari wa gwaride, kwani askari azimiaye akiwa amesimama wima huangukia kidevu bila kujikinga kwa mikono.

Uchunguzi huanza kwa swali jepesi: je, meno yanakutana kama zamani? Hakuna ajuaye hilo kuliko majeruhi mwenyewe. Kisha hufungua kinywa polepole. Kidevu kikienda upande mmoja, kwa kawaida huo ndio ulioumia. Zikivunjika shingo zote mbili, meno ya nyuma hugusana mapema na ya mbele yakabaki na mwanya. Mtu mzima hufungua kinywa kiasi cha milimita 40, takriban upana wa vidole vyake vitatu. Pungufu ya hapo, daktari ana sababu ya kushuku. Damu sikioni nayo isipuuzwe, maana yaweza kuashiria hata ufa katika fuvu.

Eksirei moja haitoshi, kwa kuwa mifupa ya eneo hilo hufunikana. Hutakiwa angalau picha mbili za pembe tofauti, mojawapo ikionyesha taya zima. Picha ya CT huonyesha mivunjiko vizuri zaidi, ilhali MRI hufaa kwa gegedu lililo ndani ya kiungo.

Mwenye hatari kubwa ni mtoto. Damu ivujayo kiungoni mwake yaweza kugeuka mfupa, taya likashikamana na fuvu na kinywa kisifunguke tena. Ukuaji wa taya nao huweza kudumaa, uso ukaenda upande. Ndiyo maana madaktari huepuka kumfunga mtoto taya kwa muda mrefu, wakamhimiza kufanya mazoezi ya kufungua kinywa mapema, na kumtaka arejeshwe kliniki kupimwa kwa miaka kadhaa, hata kama kovu la kidevuni limekwisha kufifia.