Profesa wa Sheria na Lugha ya Wavujajasho: Safari ya Kitaaluma ya Issa Shivji

Utangulizi

Sheria ni taaluma inayoishi ndani ya lugha. Seremala akinyang'anywa maneno atabaki na randa na msumeno wake; mwanasheria akinyang'anywa maneno hana chombo kingine cha kufanyia kazi. Hata hivyo, katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wanaosomwa zaidi ni washairi, wanariwaya na wanatamthilia. Ni nadra kumwona mwanafunzi wa Kiswahili akiichunguza kazi ya mwanasheria au mtaalamu wa siasa, ingawa mikononi mwa hao ndimo yanamoamuliwa mambo kama ardhi, mshahara na uraia, tena kwa lugha ambayo aghalabu si ya wanaoamuliwa.

Makala haya yananuia kuieleza safari ya kitaaluma ya Profesa Issa Shivji wa Tanzania, msomi aliyeiweka sheria na siasa katika chungu kimoja kwa zaidi ya nusu karne. Yanajaribu kuonyesha kwamba katika kila hatua ya safari hiyo mna swali linalowahusu Wanakiswahili moja kwa moja: je, sheria inaweza kuwa ya watu iwapo haisemi lugha yao?

Mlimani na Vuguvugu la Miaka ya 1960

Issa Shivji alizaliwa Kilosa mwaka 1946. Alisomea sheria katika chuo cha Dar es Salaam, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1970. Shahada ya uzamili aliipata London mwaka uliofuata, na ya uzamifu akaipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982.

Kitivo cha Sheria alichosomea hakikuwa kitivo cha kawaida. Ndicho kilichotangulia vingine vyote chuo kilipofunguliwa mwaka 1961, nacho kilipokea wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Miongoni mwa Wakenya waliopitia hapo ni Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Inafaa pia kukumbuka kwamba mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, A. B. Weston, alikusanya istilahi za sheria za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1968. Kwa hivyo, swali la Kiswahili katika sheria si jipya. Lilikuwapo tangu kitivo kilipokuwa kichanga.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, wanafunzi wa Mlimani waliingia katika mijadala mikali kuhusu maana ya ujamaa. Baadhi yao waliunda chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni. Mwaka 1969 kundi hilo lilianzisha jarida lililoitwa Cheche. Ni katika jarida hilo, mwaka 1970, ambamo Shivji alichapisha insha ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha benki na viwanda hakukutosha kuuweka uchumi mikononi mwa wafanyakazi, kwani mashirika ya umma yaliendelea kufungamana na makampuni yale yale ya kigeni kupitia ubia na mikataba ya uendeshaji.

Kabla ya mwaka huo kwisha, chama na jarida vilipigwa marufuku. Hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina Cheche lilitoholewa kutoka kwa gazeti la Lenin, na kwamba Tanzania haikuhitaji kuazima itikadi. Hapa pana kinaya kwa mwanafunzi wa lugha: neno la Kiswahili sanifu, linaloeleweka kwa kila mpishi wa jikoni, lilionekana kuwa la kigeni kwa sababu ya wazo lililobeba. Insha yenyewe haikufa. Ilichapishwa tena kama kitabu mwaka 1973, ikiambatana na maoni ya wasomi wengine, akiwemo Walter Rodney aliyekuwa akifundisha historia chuoni hapo.

Wafanyakazi na Maneno ya Mwongozo

Mwaka 1976 Shivji alitoa kitabu chake Class Struggles in Tanzania. Humo anadai kwamba baada ya uhuru liliibuka tabaka jipya la watawala, ambalo nguvu zake hazikutokana na kumiliki mali binafsi bali na kuishika dola na mashirika yake. Kitabu hicho kilisomwa na kupingwa kote barani, kwani kililigusa swali lililokuwa likiwakera wengi: ni nani hasa aliyerithi uhuru?

Sehemu moja ya kitabu hicho inastahili kusomwa upya na Wanakiswahili. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, waraka uliokuwa, pamoja na mambo mengine, ukiwakataza viongozi kuwa na kiburi, ufujaji, dharau na uonevu. Waraka huo uliandikwa kwa Kiswahili. Haukuwa sheria iliyopitishwa na Bunge, wala haukukusudiwa kuwa silaha ya migomo. Hata hivyo, wafanyakazi wa viwandani waliusoma, wakauelewa, na wakaanza kuwapima mameneja wao kwa vipimo vyake. Kati ya 1971 na 1973 palitokea mfululizo wa migomo ambamo madai hayakuwa ya mishahara tu, bali pia ya heshima. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe, kabla ya dola kuingilia kati.

Funzo lililomo humo ni la kisheria na la kiisimu pia. Maandishi hupata nguvu pale yanapoweza kunukuliwa na yule anayeyahitaji. Mfanyakazi hakuhitaji wakili wala mkalimani ili amweleze meneja kwamba amevunja Mwongozo. Alihitaji tu kukumbuka maneno.

Utafiti wa Shivji kuhusu sheria za kazi ulimfikisha kwenye kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi nchini Tanzania kati ya 1920 na 1964. Mwaka 1989 akafuata na kitabu kuhusu dhana ya haki za binadamu barani Afrika. Katika hicho alipinga mtazamo unaozichukulia haki kuwa zawadi kutoka kwa dola kwenda kwa mtu mmoja mmoja. Alipendekeza haki mbili ziwekwe mbele kwa Mwafrika: haki ya watu kujiamulia mambo yao na haki ya kujipanga pamoja.

Tume ya Ardhi

Mtihani mkubwa wa mawazo yake ulikuja mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi alipomteua kuwa mwenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka Tanzania Bara, ikafanya mikutano ya hadhara vijijini na mijini, ikasikiliza malalamiko ya wakulima, wafugaji na wakazi wa miji. Ripoti iliwasilishwa Novemba 1992.

Kiini cha mapendekezo kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kukubalika. Tangu utawala wa Waingereza, umiliki wa msingi wa ardhi yote ulikuwa umewekwa mikononi mwa mkuu wa dola: kwanza gavana, kisha rais. Mwananchi alipewa haki ya kuitumia tu. Tume ilipendekeza mamlaka hayo yaondolewe kwenye serikali kuu. Ardhi ya taifa ingekuwa chini ya chombo maalumu kinachowajibika kwa Bunge, nayo ardhi ya kijiji ingekuwa chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa watu wazima wote wa kijiji husika.

Serikali haikulikubali pendekezo hilo la msingi. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliuacha umiliki kwa rais kama mdhamini wa wananchi, na msimamo huo ukathibitishwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Shivji alieleza kutoridhika kwake katika kitabu Not Yet Democracy cha 1998, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa HAKIARDHI, taasisi iliyoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya utafiti na utetezi wa haki za ardhi.

Ni muhimu kulinganisha tukio hili na lile la Mwongozo. Wanakijiji walitoa ushahidi wao mbele ya Tume kwa Kiswahili, lakini sheria ya 1999 inayohusu ardhi ya vijiji vyao ilitungwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji aliyezungumza kama shahidi akarudishiwa maandishi asiyoweza kuyasoma bila msaada. Ilhali mfanyakazi wa 1971 aliweza kusimama na waraka mkononi, mkulima alilazimika kumtafuta mtu wa kumtafsiria haki yake mwenyewe.

Suala la Muungano

Tawi jingine la kazi yake linahusu katiba. Mwaka 1990 alichapisha kitabu kuhusu misingi ya kisheria ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa Aprili 1964. Alifuatilia jinsi Mambo ya Muungano, yaliyokuwa 11 katika makubaliano ya awali, yalivyoongezwa hadi kufika 22, akahoji uhalali wa nyongeza hizo. Mwaka 2008 alilirudia suala hilo kwa jicho la mwanahistoria katika kitabu kinachouuliza Muungano kama ulizaliwa na ndoto ya umoja wa Afrika au na mahitaji ya kisiasa ya siku zile. Hapa ndipo sheria na sayansi ya siasa zinapokutana waziwazi: maandishi ya mkataba yanasomwa pamoja na hofu, matumaini na mizani ya nguvu ya waliotia sahihi.

Kigoda, Umajumui na Kavazi

Shivji alistaafu Kitivo cha Sheria mwaka 2006, baada ya miaka 36 ya kufundisha. Mwaka 2008 aliitwa tena chuoni kuwa wa kwanza kukikalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Taaluma za Umajumui wa Afrika, akakishika hadi 2013. Aliyempokea ni Profesa Penina Mlama, anayejulikana kwa wasomaji wa tamthilia za Kiswahili kama Penina Muhando. Kwamba kiti hicho kilitoka kwa mwanasheria kikaenda kwa mwanatamthilia wa Kiswahili ni ishara kuwa mipaka ya taaluma si kuta za mawe.

Majina yenyewe yanafaa kuchunguzwa. Wadhifa wa kiprofesa ungeweza kuitwa kwa neno la kukopa, lakini likachaguliwa kigoda, kiti kifupi cha jadi. Neno umajumui linakumbusha jumuiya na kujumuika, na limeipa dhana ya umoja wa Waafrika sura ya Kiswahili. Baadaye Shivji aliongoza Kavazi la Mwalimu Nyerere, hazina ya nyaraka na kituo cha mijadala chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na hapo pia neno kavazi lilipewa kazi mpya ya kitaaluma.

Kati ya istilahi anazozitumia, yenye uzito zaidi huenda ni wavujajasho. Limeundwa kwa kitenzi vuja na nomino jasho, kwa njia ile ile iliyotupatia mchapakazi. Neno mfanyakazi humaanisha zaidi mwenye ajira ya mshahara. Mkulima mdogo, mchuuzi wa barabarani, mfugaji na mama anayepika bila kulipwa hawamo. Mvujajasho huwakusanya wote wanaoishi kwa nguvu zao, hata kama hawana mwajiri mmoja. Kwa hivyo, neno hilo ni hoja: linadai kwamba watu hao wana maslahi yanayofanana.

Shivji pia ameandika insha na mashairi kwa Kiswahili. Diwani yake ya 2019, Poems for the Penniless, ina mashairi ya Kiswahili yenye tafsiri ya Kiingereza ya Ida Hadjivayanis. Mwaka 2020 ulitoka wasifu wa Julius Nyerere katika juzuu tatu, alioundika pamoja na mwanaisimu Saida Yahya-Othman na mtaalamu wa siasa Ng'wanza Kamata.

Changamoto kwa Wanakiswahili

Haifai, hata hivyo, kuisifu safari hii bila kuipima. Vitabu vilivyomjengea Shivji jina katika ulimwengu wa wasomi viliandikwa kwa Kiingereza. Nadharia kuhusu tabaka la wafanyakazi iliwafikia wasomi wa mabara mengine kabla ya kuwafikia wafanyakazi wenyewe. Hilo si kosa la mtu mmoja. Mfumo wa vyuo vikuu humpandisha cheo mhadhiri kwa maandishi yanayosomwa nje, na sheria zenyewe, mahakama za juu na ripoti za kesi zilikuwa za Kiingereza.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lakini tangazo halitoi istilahi, wala halifunzi hakimu kuandika hukumu. Kazi hiyo inawangoja watu wanaojua sarufi, uundaji wa maneno na tafsiri, yaani wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Hitimisho

Safari ya Issa Shivji inaonyesha kwamba msomi wa sheria na siasa anaweza kuanzia kwenye kiwanda, akapitia kijijini, akafika kwenye katiba, na kila mara akajikuta mbele ya mlango ule ule wa lugha. Wafanyakazi wa 1971 waliukuta umefunguliwa, wakaingia. Wanakijiji wa 1999 waliukuta umefungwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Miswada ya sheria, fomu za ofisi za ardhi na mikataba ya kazi vipo, na wapo wavujajasho wanaotia sahihi kila siku chini ya maneno wasiyoyaelewa.