Fahamu: Tuzo za sayansi ya mimea na mchango wa Amani

Kila zinapotangazwa tuzo za sayansi ya mimea, wengi hujiuliza: zinatolewa kwa kazi gani hasa? Historia ya kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, ina jibu.

Nani alitunukiwa?
Harold Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea aliyefanya kazi Amani. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, miongoni mwa heshima kubwa kabisa za kisayansi duniani.

Kwa kazi gani?
Alichunguza virusi vya mahindi na vya muhogo. Mwaka 1936 alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo. Ni ugonjwa unaojificha: mmea waweza kuonekana mzima shambani, lakini ukikata muhogo wenyewe unakuta mabaka makavu ya kahawia, haufai kuliwa. Watafiti wa Amani waliuchavusha muhogo na mti jamaa yake utoao mpira, wakapata mbegu zenye ukinzani.

Imesaidia nani?
Moja ya mbegu hizo, namba 46106/27, inajulikana Pwani ya Kenya kama Kaleso, na Tanzania kama Namikonga. Uzao mwingine ulifika Nigeria, ukachangia mbegu bora za taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan.

Nani husahaulika?
Tuzo mara nyingi hutaja mtu mmoja, ilhali mbegu ni kazi ya wengi: waliopanda pingili, waliopalilia, waliong'oa na kukagua. Kamati za tuzo ziwataje pia mafundi, vibarua na wakulima. Wanastahili.