Kupandisha Mashua Pwani na Ziwani

Ndugu mkulima mwenye shamba kando ya maji, mashua iachwayo majini siku zote huharibika upesi. Ipandishe, lakini njia uichague kwa kuyatazama maji yako.

Pwani, wakati wa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3. Yakijaa, isogeze mashua ufuoni. Yakipwa, itie gadi imara.

Ziwa Victoria halina maji ya kukuinulia. Huko fua maji kwanza, ushushe nyavu, kisha uivute kwa kamba juu ya magogo ya mviringo. Weka kabari nyuma, isije ikarudi ikavunja mguu wa mtu.

Nguzo za kudumu ufuoni ni hatari: mwaka 2020 ziwa lilifurika mashamba. Magogo huhamishika.