Chumvi, Bundi na Macho: Vicheko vya Wataalamu wa Nyota

Sisi tunaishi na vifupisho kila juma. Tukiwa na mimba tunaenda CPN, akiba yetu tunaiweka ndani ya AVEC. Na hiyo AVEC inachekesha kidogo: ni herufi za mwanzo za maneno marefu ya Kifaransa, lakini ukiisoma kama neno moja inasema "pamoja na". Wataalamu wa nyota nao wana mchezo huo, tena wanaupenda kutupita.

Kule Sutherland, Afrika Kusini, kuna darubini kubwa ya kuangalia nyota, iliyozinduliwa mwaka 2005. Kifupisho chake ni SALT, neno ambalo kwa Kingereza ni chumvi. Wataalamu wa Ulaya, ambao wana "Darubini Kubwa Sana" huko Chile, walipanga nyingine yenye kioo cha metre 100. Wakaiita OWL, yaani bundi. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu hawalali! Bundi huyo hakuruka, kwa sababu bei ilikuwa kali mno. Sasa wanajenga huko Chile ya metre 39.

Kuna pia ugomvi wa majina. Wataalamu wanaona kwamba angani kuna kitu chenye uzito lakini hakionekani. Wengine walisema ni chembe ndogo sana, wakaziita WIMP, yaani mnyonge. Wenzao wakajibu kwamba ni vitu vikubwa vya giza, wakaviita MACHO, yaani mwanaume wa kutunisha kifua. Sisi wa Kiswahili tunacheka mara mbili: wameita "macho" kitu ambacho macho hayakioni!

Vicheko hivi vina faida. Darasani tunaona kwamba mtoto aliyecheka neno halisahau upesi. Lakini tuangalie pia nani anachekwa. Nyota zinapangwa kwa herufi O, B, A, F, G, K, M, kuanzia zenye joto kali mpaka zenye joto kidogo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kingereza walizikariri kwa sentensi inayosema: "Oo, uwe msichana mzuri, unibusu." Kumbe aliyeweka herufi hizo katika mpangilio huo ni mwanamke, Annie Jump Cannon wa Harvard, Marekani. Alikuwa karibu kiziwi, na katika maisha yake alipanga nyota zipatazo 350 000. Binti anayesikia sentensi ile anafundishwa kwamba kazi yake ni kubusu, si kuhesabu nyota.

Kwa hiyo tunapendekeza sentensi yetu, yenye herufi zilezile:

Ona, Binti, Anga! Fukuza Giza Kwa Mwanga.

Usiku umeme ukikatika, tokeni inje pamoja na watoto, wavulana kwa wasichana. Waonyesheni nyota, muwafundishe sentensi hiyo, kisha muwaambie ni mwanamke gani aliyezipanga.