Dhahabu ya Karatasi

Mtu apelekapo dhahabu yake katika Soko la Dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hapana mnunuzi amlipaye kwa kuitazama rangi yake tu. Dhahabu huwekwa juu ya mizani, hupimwa uzito, hupimwa na usafi wake, ndipo bei hutajwa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, hata kama hakupata kusoma kemia, ajua tangu utoto wake kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu.

Kwa hiyo twastaajabu tuonapo mwana wa mchimbaji huyo akiingia dukani na mshahara wake wa miezi kadha, akainunua dhahabu iliyopigwa chapa juu ya karatasi bila kuuliza swali hata moja. Twasema juu ya vijana wajengao kompyuta zao wenyewe kwa ajili ya kucheza gemu, na juu ya kile kisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Wako wazee watakaotuuliza kama ukurasa huu umekosa jambo la maana hata ukazungumza michezo ya watoto. Twawajibu kwa heshima. Kijana aunganishaye prosesa, mazabodi, memori na kadi ya grafiki kwa mikono yake mwenyewe anajifunza ufundi. Mashine hiyo hiyo achezeayo gemu usiku yaweza kuchora ramani ya nyumba mchana, kuhariri filamu ya harusi, au kumsaidia mdogo wake katika masomo. Na hata kama ingekuwa ya kuchezea tu, mfanyakazi aliyetoka zamu ana haki ya kuburudika kwa jasho lake, wala hapana mwenye haki ya kumwibia jasho hilo.

Mwana wa ndugu yetu mmoja, afanyaye kazi katika karakana huko Kahama, alijinyima kwa muda mrefu akanunua vipande vyote, kimoja baada ya kimoja. Mwisho fedha zikapungua. Kadi ya grafiki aliinunua nzuri. Pawa saplai akaichukua ile ya bei ya chini kabisa, iliyoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Jioni moja mashine za kusaga za jirani ziliwaka, taa ya chumba ikafifia, kisha ikarudi kwa nguvu. Palisikika mlio, ikafuata harufu ya kuungua. Pawa saplai ilikufa, nayo haikufa peke yake: mazabodi na kadi vilikwenda pamoja nayo. Aliyeokoa fedha kidogo alipoteza yote. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Yafaa basi tueleze kazi ya kisanduku hiki. Umeme ufikao katika soketi zetu kwa kawaida ni wa volti 230, nao hubadili mwelekeo wake huku na huko mara 50 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Yahitaji umeme wa mwelekeo mmoja, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, tena uliotulia. Ule wa volti 12, ambao ndio ulishao prosesa na kadi ya grafiki, haupaswi kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Pawa saplai ndiyo igeuzayo umeme wa nguzo kuwa umeme huo mpole. Ikishindwa kazi yake, hapana kifaa cho chote nyuma yake kilicho salama.

Hapa kwetu kazi hiyo ni ngumu kuliko mahali pengi. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule iutumiao ikiisha kushika mwendo. Palipo na karasha za kuvunjia mawe ya dhahabu, mashine za kukoboa na za kuchomelea katika laini moja, volti hushuka na kupanda mchana kutwa. Hatusemi hayo kwa kulidharau taifa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme wake katika gridi mwezi Februari 2024, na mitambo yake tisa imejengwa kwa megawati 2,115. Lakini wingi wa umeme katika gridi ni jambo moja, na utulivu wa umeme katika chumba cha mpangaji wa Katoro mwishoni mwa laini ni jambo lingine.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme kijana amechagua prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyoandikwa wati 65, na kadi ya RTX 3060, iliyoandikwa wati 170. Mazabodi, memori, diski na feni tuvipe wati 60. Jumla yapata wati 300. Mbona basi NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa kadi hiyo, hushauri pawa saplai ya wati 550? Kwanza, kadi ya grafiki hupiga miruko ya ghafla, mifupi kuliko kufumba jicho, inayopita kiwango kilichoandikwa. Pili, kifaa kifanyacho kazi karibu na nusu ya nguvu zake hupata joto kidogo na hudumu zaidi. Tatu, kesho kijana atataka kadi kubwa zaidi. Lakini wati 1,000 kwa mashine ya wati 300 ni majivuno tu. Fedha hiyo ingenunua ubora badala ya ukubwa.

Na hizo wati zenyewe zisisadikiwe kwa kuwa zimeandikwa kwa herufi kubwa. Geuza kisanduku, usome jedwali dogo ubavuni. Tafuta safu ya volti 12, uone ni ampia ngapi, kisha zidisha kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha ampia 45 hivi, ambazo ni wati 540. Ukiona jina la wati 600 na ampia 25 tu, umeshika kifaa cha wati 300 kilichovaa koti la mwingine. Kama jedwali halipo kabisa, kirudishe juu ya rafu.

Tumefika kwenye ile dhahabu. Alama ya 80 Plus ilianzishwa mwaka 2004, nayo ina vyeo vyake: shaba, fedha, dhahabu na vinginevyo. Alama hiyo hupima jambo moja: ni sehemu gani ya umeme ufikao ndani hutoka nje kufanya kazi, na ni sehemu gani hupotea kuwa joto. Katika kipimo cha volti 115, wa cheo cha shaba hutoa asilimia 85 akiwa nusu ya mzigo, na wa dhahabu asilimia 90. Kwa mashine ya wati 300 tofauti yake ni wati 20 tu. Mtu achezaye saa nne kila siku ataokoa yuniti 29 hivi za LUKU kwa mwaka. Si utajiri. Tena alama hiyo haisemi neno juu ya kinga zilizomo ndani, na vipimo vyake hufanywa katika chumba cha nyuzi 23 za joto. Shinyanga ya mwezi Oktoba si chumba hicho. Mnunuzi na atafute kifaa kilichohesabiwa kwa nyuzi 40 au 50, chenye kinga dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi, joto kuzidi na waya kugusana, na chenye dhamana ya miaka mitano au zaidi. Tena orodha ya vifaa vilivyopata alama ya 80 Plus hutangazwa wazi katika intaneti. Jina lisilokuwamo humo ni dhahabu ya karatasi.

Kuna mambo mengine ambayo hatuna budi kuyataja. Pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikikaa kwenye 115, kifaa chaweza kulipuka mara kikichomekwa. Nyaya za pawa saplai moja zisitiwe katika nyingine, hata kama tundu lakubali, kwani mpangilio wa ndani hutofautiana na huunguza diski. Wala mtu asiyekuwa fundi asifungue kisanduku hicho. Kapasita zake hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Mwenye uwezo na aongeze UPS yenye kirekebisha volti ndani yake, akikumbuka kwamba ile ya VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 tu, na kwamba dakika zake chache ni za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumaliza mchezo. Waya wa ardhi usiwe pambo. Fundi wa umeme aupime, hasa wakati wa kiangazi ardhi inapokauka. Na radi za Kanda ya Ziwa hazina mpinzani: mvua ikinguruma, chomoa waya wa umeme na wa intaneti pia.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi peke yake mzigo wote. Nchi hii imekuwa na Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, nayo Tume ya Ushindani ndiyo iliyokabidhiwa kupambana na bidhaa bandia. Mtu akiweka bidhaa ya wati 300 katika jina la wati 600, hana tofauti na yule auzaye shaba kwa jina la dhahabu. Huyo wa pili, akionekana sokoni Geita, hafiki jioni bila kushikwa. Twataka macho makali ya namna hiyo yaangaze na katika maduka ya vifaa vya umeme, mjini Shinyanga, Kahama na Geita, kwa kuwa kisanduku kibovu chaweza kuteketeza nyumba, si kompyuta peke yake.

Kwa vijana wetu twasema hivi: msianze na kadi mkamaliza na pawa saplai kwa chenji iliyobaki. Itengeeni fedha yake kwanza, someni jedwali kabla ya kulipa, daini risiti yenye jina la kifaa na muda wa dhamana. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, mwacheni na bidhaa yake.