Hifadhidata za Biashara: Uimara na Mzigo wa Uangalizi
Oracle, hifadhidata iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, inasifika kwa uimara, lakini leseni yake ni ghali na humtaka msimamizi aliyebobea. PostgreSQL, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haina ada ya leseni. Kazi, hata hivyo, haikosekani. Kila rekodi inapobadilishwa, nakala ya zamani hubaki kwenye diski mpaka isafishwe. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 usafishaji huo hujiendesha wenyewe. Ukikwama, diski hujaa, na namba za miamala (kila kundi la mabadiliko yanayofanywa pamoja hupewa namba yake) zikikaribia kwisha mfumo hukataa kuandika data mpya ili kulinda data. Ni ukali unaostahili kusifiwa.

MySQL ilipendwa kwa wepesi wa kuisimika. Injini yake ya zamani ya kuhifadhi data, MyISAM, haikuwa na miamala: umeme ukikatika katikati ya kazi, jedwali liliweza kuharibika. InnoDB, injini ya kawaida tangu toleo la 5.5, hujirekebisha inapowashwa upya.

Duka lenye kompyuta moja linatoshwa na SQLite, isiyo na seva. Kwa hifadhidata yoyote kati ya hizi, nakala rudufu ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isitegemewe. Mwenye biashara na aijaribu mapema.